Nia ya Yuliana

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya nyumbani kwao Yuliana, pale Kimara, kupokea sala za jumuiya. Kulipopambazuka tu, majirani wakaingia na rozari zao. Baba yake, Apolinari, karani wa ofisi fulani mjini, aliwapangia viti kwa mikono yake mwenyewe. Mpole huyo! Nani angeamini kuwa juzi alimburuza mkewe, Avelina, kwa nywele kutoka jikoni hadi sebuleni, kisa chumvi? Majirani wangeamini, maana walisikia. Kila kipigo kilipoanza, Mama Benson wa nyumba ya pili, ndiye mwenyekiti wa jumuiya, aliongeza sauti ya redio. Mambo ya ndani hayasemwi nje, ndivyo wanavyopenda kusema watu ambao hawapigwi.

Yuliana alikuwa na miaka kumi na minne, na mwenyewe alishazoea. Kilichomtia hofu ni mdogo wake, Brightson, wa miaka minane. Mtoto alikuwa anajikojolea darasani. Wiki ile tena mwalimu akamwita Yuliana kumwambia kwamba Brightson amembamiza msichana ukutani, na alipoulizwa sababu akajibu, "Kaniangalia vibaya." Maneno ya baba hayo, neno kwa neno. Yuliana aliona mdogo wake anampotea hivi hivi, na hakuna anayemshika.

Ndipo akapanga jambo lake. Kwenye jumuiya mtu akitaja nia, wote huiombea, awe na mgonjwa au mtihani, na Yuliana hakuwahi kuona nia ikikataliwa. Basi baada ya kuombewa bibi mwenye presha na kijana anayesafiri kwenda Bukoba, Yuliana akasimama.

"Tumwombee baba aache kumpiga mama," akasema. "Brightson anaharibika."

Apolinari alitabasamu, akamtazama mkewe. Mama Benson naye akamgeukia, macho kayatoa kama mtu aliyesikia jambo geni.

"Mama Yuliana, eti ni kweli?"

Avelina akavuta mtandio ukamfunika shingo. "Huyu kaanza kukua huyu. Nimemkatalia simu, ndo maana anatafuta la kunikomoa."

Watu wakashusha pumzi. Raha iliyoje kupewa uongo ulioutaka! Mama Benson akairekebisha nia palepale: wamwombee binti apate adabu, aheshimu wazazi wake. Wakaomba, tena kwa sauti nene kuliko walivyomwombea mgonjwa. Yuliana alibaki amesimama katikati yao. Hakuwachukia wote sawa. Mama yake alimuuma zaidi.

Chai ikanywewa, maandazi yakasifiwa, wageni wakaaga. Apolinari akafunga mlango taratibu, akarudi kuketi. Yuliana alijikunyata akimsubiri, lakini baba hakuinuka.

Kofi lililompata lilitoka chini, kwa mkono mdogo. Brightson alikuwa amesimama mbele yake, anahema.

"Umemwaibisha baba," akasema. "Siku nyingine nitakuvunja."

Yuliana alishika shavu. Halikuuma sana, ila alilia kuliko alivyowahi kulia kwa kipigo cha mtu yeyote.

Apolinari akacheka kwa furaha, akampakata mwanawe. "Avelina, mletee mwanaume mwenzangu andazi lililobaki."

Avelina akalileta, akampa kwa mikono miwili.