Abiria wa Barabara Mpya

Jina la Shindilia alipewa kwa sababu ya mtambo aliouendesha, ule wa magurudumu ya chuma unaokandamiza barabara. Lami ilipofika jangwani kwao, yeye ndiye aliyeilaza mbele ya nyumba ya shangazi yake, na kijiji kizima kikampigia vigelegele kama bwana harusi.

Aliporudi kusalimia, akiwa na gari la kuazima, jua lilikuwa la utosi. Milango yote ilikuwa wazi. Kwa fundi cherehani kitambaa kilikuwa bado kimebanwa chini ya sindano. Hakuna jogoo aliyewika, hakuna mtoto aliyelia. Upepo tu, ukifungua na kufunga madirisha kama mtu anayetafuta kitu.

Shangazi alikuwa kibarazani, peke yake.

"Shikamoo, shangazi. Watu wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wamepanda malori, wamekwenda mjini. Kisima kimekauka."

Maji ya mvua yaliyokuwa yakiteremka kutoka vilimani kukijaza kisima, sasa yalizuiwa na tuta la barabara. Shindilia alilitazama tuta lile, gumu kama mwamba. Ni yeye mwenyewe aliyelikandamiza kwa mtambo wake.

"Nimewaua, shangazi."

"Hebu nyamaza. Nyoka aliponiuma, barabara hiyohiyo ndiyo iliyonifikisha hospitali roho ikiwa mkononi. Hakuna masika yasiyo na mbu."

Shindilia alimbembeleza waondoke pamoja, mwishowe shangazi akakubali. Walipokaribia makaburi kando ya lami, shangazi akamgusa bega.

"Polepole." Kisha akageuka nyuma, akasema kwa upole, "Karibuni. Songeeni, nafasi ipo."

Gari likainama. Springi zikalia. Shindilia akatupa jicho kwenye kioo: nyuma hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa kimebonyea, kama kilichokaliwa.

"Umemkaribisha nani?"

"Mama yako na wenzake. Walio hai wameondoka. Unadhani hawa wanapenda kuachwa?"

Injini ikakoroma, ikazima. Nywele zilimsimama Shindilia. Akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akasimama pembeni kwa adabu.

"Shikamooni," alisema. "Mama, nisamehe. Shukeni, tunarudi nyumbani."

Harufu ya mafuta ya nywele ya mama yake ilimpita usoni. Gari likainuka taratibu. Mchangani, kutoka mlangoni hadi makaburini, palikuwa na nyayo nyingi za miguu mitupu, mbichi, ambazo upepo haukuwa umezigusa.

Shindilia alipojaribu tena, injini ikawaka. Aligeuza gari, akamrudisha shangazi nyumbani.

Shindilia aliwaganda mabosi wake kama kupe mpaka wakakubali kupasua tuta na kupitisha mabomba chini yake. Mvua iliyofuata, maji yalipita, kisima kikajaa nusu. Fundi cherehani alirudi na mkewe. Wengi hawakurudi, mjini walishapata shule na umeme, na nani awalaumu?

Siku hizi madereva wa malori husimama kuomba maji kwa shangazi. Hunywa, hushukuru, kisha humwuliza ni akina nani wanaozungumza kule ng'ambo ya lami, wengi hivyo, na mbona hawaonekani.

"Wenyeji," huwajibu, na kuwaongezea maji.