Kijitabu cha Mazishi

Irungu alimwambia dada yake kwamba kikao kwa chifu ni Ijumaa. Wakarima, dada huyo, akafika Jumatano, siku yenyewe ya kikao, kwani njia ya mwongo ni fupi, na siri ilikuwa imemponyoka mke wa Irungu mwenyewe dukani.

Bila barua ya chifu yenye majina ya warithi, mahakama haifungui faili ya mirathi. Irungu alilijua hilo vizuri. Alikuwa ameketi mbele ya meza katika suti ile ile aliyomzikia baba, na karatasini mlikuwa na majina mawili: lake na la mdogo wao, Ishmael.

"Na huyu?" chifu akauliza, akimwangalia Wakarima mlangoni.

"Huyo ni sister yetu, chifu, lakini aliolewa, akarudi. Sisi wasichana hatuwapatii ploti."

Wasichana! Wakarima ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka tisa amezibua mitaro ya vyumba vya kupangisha vya baba kwenye ploti hiyo ya Kawangware na kumgeuza baba kitandani, huku Irungu akija Krismasi na kreti ya soda. Hasira ilimpanda, wala hakuwa na haja ya kuificha.

Akatoa mkobani kijitabu cha mazishi, picha ya marehemu baba yao, Ndegwa, jaladani, akakibwaga mezani.

"Chifu, si ulikuwa kwa mazishi? Nani alisoma historia ya baba?"

"Irungu."

"Na ni nani aliiandika?"

Chifu alimsukumia Irungu kijitabu. "Hebu tusomee tena. Ukurasa wa pili."

Irungu akakohoa. Ni yeye aliyeiandika; siku ile, mbele ya waombolezaji mia tatu, alikuwa ametaka familia ionekane imekamilika.

"Ameacha watoto watatu. Kifungua mimba ni Wakarima, ambaye..."

"Maliza," Wakarima akasema.

"...ambaye alimtunza hadi pumzi ya mwisho." Akakifunga. "Lakini chifu, hiyo ilikuwa tu ya mazishi. Watu walikuwa wengi."

"Kwa hivyo uliwadanganya, na baba amelala hapo mbele yako?" Wakarima akamuuliza.

Irungu akainamia viatu vyake. Chifu akaichana ile karatasi, akachukua nyingine. Wakarima akaweka kitambulisho chake juu ya hiyo mpya.

"Andika, chifu. Uanze na mimi, vile alisoma." Akamgeukia ndugu yake. "Na hiyo Ijumaa yako, bado nitakuja."