Mkono wa Kulia wa Karani

Saa kumi na moja jioni karani alifunga droo, akavaa koti, akagundua kwamba mkono wake wa kulia hauji naye. Ulikuwa umebaki mezani, kuanzia kwenye kiwiko, ukigonga mhuri. Alisubiri umalize faili uliloshika, kisha akaenda zake, maana basi la mwisho halikuwa na mzaha.

Kusema kweli, hakuna aliyepungukiwa na kitu. Mashine ndiyo iliyochagua wagonjwa wa kusafishwa damu hospitalini, na sheria mpya, iliyosifiwa hadi ng'ambo, ilitaka binadamu akague kila uamuzi na kuugongea mhuri kwa mkono wake. Kukagua ndiko kulikokuwa kunachelewesha kazi. Sasa mkono, ambao haukuwa na macho, ulimaliza mafaili mia nne kabla ya chai ya saa nne.

Kamati ya Maadili ilikuja, ikanywa hiyo chai, ikautazama mkono.

"Ni wa binadamu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni wangu, mzee."

"Basi sheria imefuatwa. Hongera."

Wiki ya pili zamu ya dada yake karani ya kusafishwa damu ilifika. Mashine ilitaka namba ya nyumba, na kwao, kama nusu ya nchi, mtu huelekezwa kwa rangi ya geti. Kwa hiyo mashine, iliyofunzwa kwa watu wenye namba, iliamua kwamba dada haishi popote, na asiyeishi popote hawezi kuugua. Karani alilijua kosa hilo tangu mwezi wa kwanza wa mashine. Alikuwa ameligongea mhuri yeye mwenyewe, mkono ukiwa bado mwilini.

Alifika ofisini anahema. Faili la dada lilikuwa la tatu kutoka juu.

"Huyu ni dada," aliuambia mkono. "Ndiye aliyekufundisha kuandika."

Mkono ukasita. Ukalipapasa jina herufi kwa herufi, ukalitambua, na karani, masikini, akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha ukachovya mhuri kwenye wino mara mbili, ukauweka sawa, ukagonga: LIMEKATALIWA.

Mwisho wa mwezi mkono ulipewa cheti cha mfanyakazi bora. Karani aliupokelea kwa mkono wa kushoto. Wenzake walipiga makofi; yeye hakuwa na jinsi.

Nyumbani dada, miguu imemvimba, alikuwa ameishika barua ya kukataliwa karibu na dirisha. Aliukagua mhuri kwa muda mrefu.

"Umenyooka," alisema. "Zamani kila kitu ulikuwa unakipindisha."

"Asante, dada," karani alijibu, na kesho yake akawahi basi.