Sajenti Mstaafu Atetea Muswada

Kipindi kilikuwa kimekaribia kuanza, naibu waziri aliyetarajiwa kuutetea muswada mpya akatuma ujumbe kwamba ameitwa kikaoni. Nilmini, mtangazaji wa asubuhi katika redio moja ya mji wa Kurunegala, akabaki na mgeni mmoja tu: wakili Tharanga, aliyekuja kuupinga muswada wa sheria ya ugaidi. Nilmini mwenyewe aliupinga, lakini mjadala wa upande mmoja hakuutaka. Akampigia simu baba yake.

"Baba, kila siku unanigombeza mezani kuhusu huu muswada. Njoo unigombeze hewani."

"Nimevaa saruni, mwanangu."

"Ni redio, baba. Nani atakuona?"

Mzee Ariyasena, sajenti mstaafu wa polisi, akafika na saruni yake kiunoni. Sikio lake la kushoto lilikufa siku bomu lilipolipuka kwenye kituo cha basi, na wenzake wawili hawakurudi nyumbani. Akaketi, sikio zima likimwelekea wakili.

Tharanga alieleza jinsi mtu atakavyoweza kuwekwa ndani muda mrefu bila kufikishwa kortini. Mzee akamwacha amalize.

"Unaogopa polisi watakosea, mama. Hata mimi naogopa, nawajua. Lakini mimi nimeokota viatu vya watu pale kituo cha basi. Mtega bomu hangoji hakimu amalize chai yake."

Simu zikamiminika. Msikilizaji mmoja akataka mzee apewe uwaziri. Mwanamke mmoja akauliza, "Mwanangu ni mwalimu, juzi aligoma. Naye ni gaidi?"

"Hapana, mama," mzee akajibu. "Labda mvivu."

Tharanga akacheka hadi akasogea mbali na kinasa sauti. Nilmini akaona baba yake anashinda. Akaufungua muswada, akasoma kifungu kinachomruhusu waziri kufunga kituo cha redio kwa amri yake tu.

Mzee akamgeuzia binti yake sikio zima. Fundi mitambo akaanza kupunga mikono dirishani: hewani hakuna sauti.

"Hebu soma tena," mzee akasema. Nilmini akasoma.

"Hicho sikukiona gazetini."

"Hawakukiandika, baba."

"Mimi nilitaka sheria ya kuwakamata wenye mabomu. Hiki kinamkamata binti yangu. Kifutwe. Kwa hivyo vingine sirudi nyuma."

Kipindi kilipokwisha, ofisi ya naibu waziri ikapiga simu: wanaomba yale maneno ya viatu wayatumie kwenye tangazo lao. Mzee akaichukua simu mwenyewe.

"Chukueni yote niliyosema, pamoja na hilo la kufuta. Hamtaki, basi."

Wakakata.

Wakatoka kwenda kula chapati za tui la nazi kwenye mgahawa wa jirani, na Tharanga akafuatana nao, bado akibishana. Mzee akamsogelea binti yake.

"Ulipokuwa ukisoma kile kifungu, sauti yako ilitetemeka."

"Kidogo."

"Nilisikia," akasema, akamwekea sambali, kachumbari ya nazi na pilipili, kwenye sahani kabla hajajipakulia mwenyewe.