Bega la Kushoto

Hata kustaafu, Rhett Maddigan alinitangulia.

Tuliingia klabuni mwaka mmoja, vijana wawili kutoka mashamba ya ngano huko Wimmera, yeye mshambuliaji na mimi beki. Katika mpira wetu wa Kiaustralia, mshambuliaji akifunga mabao matano, Melbourne nzima inajua mpaka jina la mbwa wake. Beki akiyazuia hayo matano, watu husema mshambuliaji leo hakuamka vizuri. Rhett ametangaza maziwa, magari na magodoro, na kwenye baa wazee hawakubali anunue bia yake mwenyewe. Mimi, Brodie Pasco, niliwahi kuombwa saini na mama mmoja sokoni. Alipoisoma akasema, "Samahani, nilidhani wewe ni yule mwingine." Chanda chema huvikwa pete, sikatai, lakini vidole vingine navyo si vya kupamba mkono.

Nilimwonea wivu miaka yote hiyo. Kumchukia nilishindwa, maana Rhett hachukiki, na hilo nalo lilinikera. Mtu ukimwonea wivu, angalau awe na roho mbaya upate pa kushikia.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya msimu kocha Trewin aliniita ofisini akafunga mlango. Klabu haitanipa mkataba mwingine.

"Jumamosi ndiyo ya mwisho, mzee wangu," alisema. "Waambie wenzako mwenyewe, siku utakayo."

Sikulia wala sikubishana. Nilifikiria kitu kimoja tu, kubebwa.

Kwetu, mkongwe akimaliza mechi yake ya mwisho hatoki uwanjani kwa miguu yake. Wenzake wawili humweka mabegani, timu zote mbili hujipanga mistari miwili kumpigia makofi, na jukwaa zima husimama mpaka apotelee kwenye mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo. Hata beki hubebwa. Nilikuwa nimebeba wengi, wengine wazito kama mafahali, na kila mara nilijiambia kwamba siku yangu ipo.

Basi Jumanne asubuhi, kwenye kikao cha timu, nilikuwa nimeshainuka nusu kutoka kwenye kiti nilipomwona Rhett amesimama mbele yetu.

"Jamani," alisema, akaanza kulia palepale. "Goti limekataa. Jumamosi naaga."

Chumba kizima kiliangua kilio, wanaume wenye shingo nene wakipangusana machozi. Mimi nilikaa. Ningesema nini? "Na mimi pia," kama mtoto anayedai pipi kwa kuwa mwenzake kapewa?

"Bega la kulia ni la nahodha," Rhett aliendelea, akijifuta pua kwa mkono wa jezi. "La kushoto ni la Pasco. Tuliingia pamoja, basi yeye ndiye atakayenitoa."

Kocha alinitazama. Nilimtikisia kichwa kidogo, naye akanyamaza.

Nyumbani mke wangu, Keely, alitua sufuria kwa kishindo.

"Yaani siku ya kuagwa wewe, unaenda kumbeba mwenzio? Sema, Brodie! Wawili wanaweza kubebwa siku moja."

"Wa pili anakuwa mzigo tu. Watu watakuwa wameshaanza kutafuta magari yao."

"Kwa hiyo unanyamaza kwa upole au kwa kiburi?"

"Kwa wivu. Sitaki makombo ya Rhett."

"Haya, shiba huo wivu wako," alisema, lakini akanipakulia chakula, tena sahani ikajaa.

Jumamosi mashabiki walisimamisha lile bango kubwa la karatasi ambalo timu hulipasua kwa kukimbia katikati yake. Liliandikwa jina la Rhett kwa herufi ndefu kuliko mtu. Yeye akatangulia akiwa amebeba binti zake, nasi tukapita juu ya vipande.

Nilicheza siku ile kuliko nilivyowahi kucheza. Yule kijana wa mbele wa wapinzani wetu, ambaye magazeti yalikuwa yamemwimba wiki nzima, hakupata bao hata moja.

"We mzee, utang'ang'ania mpaka lini?" alinifokea. "Nenda nyumbani!"

"Naenda," nilimjibu, akacheka akidhani ni utani.

Upande wa pili Rhett alifunga mabao manne kwa mguu mmoja mzima, na king'ora cha mwisho kilipolia hakuna aliyekisikia kwa makelele. Tukamwinua, nahodha kulia na mimi kushoto. Mistari miwili ikajipanga, watu wakasimama, na jina lake likaimbwa uwanja mzima. Nilitembea katikati ya makofi yale nikijua kwamba ni makofi yangu pia, ila hayajui.

Nusu ya njia nilitaka kupaza sauti nimwambie. Kisha nikaona yatakayotokea. Rhett angeruka chini, angenibeba yeye mwenyewe na lile goti bovu, maana ndivyo alivyo, na uwanja wote ungempigia makofi Rhett kwa wema wake. Nikaumeza ulimi.

Hapo ndipo alipoinama sikioni mwangu.

"Pasco. Unajua ninavyokuonea wivu?"

"Unasemaje?"

"Wewe mwakani bado uko na wenzako. Mazoezi, jasho, kelele za chumba cha kubadilishia nguo, matusi ya kocha. Mimi kuanzia kesho ni picha ukutani. Watu wote hawa ningewatoa, ndugu yangu, nipewe huo mwaka wako mmoja." Machozi yake yalinidondokea shingoni.

Rhett Maddigan ananionea wivu mimi! Neno hilo nililingoja tangu sijaota ndevu vizuri, na sasa limekuja kwa sababu ya kitu nisicho nacho. Mbele yetu, mwisho wa mistari, kocha alikuwa amesimama akinitazama, na juu jukwaani nilimwona Keely hapigi makofi. Neno moja tu lingetosha kumaliza uongo ule.

"Mwaka mmoja unapita upesi, kaka," nilisema.

Nikampandisha vizuri begani, nikapunguza mwendo, aendelee kunionea wivu mpaka mlangoni.