Maiti Iliyobadilishiwa Taifa

Kabla ya vita, jarida la Kabari lilikuwa mwiba kooni mwa wakubwa wa Munich. Thekla Brandis alilichongea picha kwenye mbao za kuchapia, ambamo majenerali walioteshwa ndevu za beberu, na mhariri, Ottokar Riem, alitukana kwa ufundi hata waliotukanwa wakanunua nakala. Polisi walipokamata toleo zima, wawili hao walicheka mpaka mbavu zikauma.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Riem aligeuka. Jalada likavishwa bendera. Mizinga aliyoidhihaki sasa aliiita muziki mpya wa Ulaya. Vita, aliandika, vitawafagia wazee pamoja na sanaa yao iliyooza. Lorenz, mdogo wake Thekla, aliyekuwa akitoa mashairi yake humo humo, aliyaamini maneno hayo akajitolea jeshini. Kabla ya Krismasi alikuwa amekufa kwenye matope ya Flandria, kule Ubelgiji.

Thekla hakulia mbele za watu. Alijifungia akachonga kijana aliyelala kifudifudi topeni, mkono mmoja ukiwa chini ya shavu, jinsi Lorenz alivyolala tangu utotoni. Hakuipa picha jina. Riem aliipokea, akaahidi kuichapa kama ilivyo.

Toleo lilipotoka, Thekla alilifungua mkahawani. Chini ya picha paliandikwa: “Mwingereza Apata Haki Yake.”

Aliacha kahawa yake ikifuka moshi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiwanda cha jarida, ambako nakala za kupelekwa kwa askari zilikuwa zinachapwa. Riem akamkaribisha kiti. Hakukaa.

“Ottokar, huyu ni nani?”

“Ni askari tu. Sanaa haina jina, Thekla.”

“Mbona wewe umempa?”

Riem akashusha sauti. Alieleza kwamba wakaguzi wa serikali wasingepitisha Mjerumani aliyekufa vile, na bila maneno yale picha isingetoka kabisa. “Nimekuokolea kazi yako, mwenzangu. Ungenishukuru.”

“Umekula mezani kwa mama yangu. Lorenz amelala kwenye kochi lako akiwa na homa, ukamfunika kwa koti lako mwenyewe. Mkono ule chini ya shavu uliujua.”

Riem hakukana. Angekana, pengine Thekla angejizuia. Thekla alichomoa ubao wake mashineni, akauweka sakafuni, akachukua nyundo ya mafundi akaupiga mpaka ukapasuka. Riem alimwita mwendawazimu na msaliti wa taifa. Mafundi walisimama wakitazama, hakuna aliyemshika. Siku zilizofuata, wasanii wenzake walivuka barabara kila walipomwona, wasije wakaambiwa nao ni wasaliti.

Vita vilipokwisha kwa Ujerumani kushindwa, Kabari lilirudi na jalada jekundu, likiwalaani majenerali na kuwalilia mama waliofiwa. Riem akaja mlangoni kwa Thekla, kofia mkononi, akiomba mchongo wa huzuni.

“Wewe uliona mapema kuliko sisi sote, dada yangu,” alisema.

“Sikuona mapema. Niliona kilichokuwepo, nawe ulikiona vilevile. Ukakiuza. Leo umerudi kukiuza mara ya pili.”

Riem akaanza kusema kwamba nyakati zilikuwa ngumu kwa kila mtu.

“Kwa Lorenz hazikuwa ngumu,” Thekla akamjibu. “Zilimwishia. Ondoka.”

Akafunga mlango. Siku ile nzima hakushika patasi.