Nani Atashika Mwangwi

Kaloki alianza kuwashuku wenzake siku aliporudi kutoka msalani akakuta mazungumzo yamekatika. Muindi, kiongozi na mwimbaji wa bendi, alikuwa ameinama juu ya meza ya Yasser, fundi wa mitambo, wakinong'ona. Walipomwona kila mmoja akashika lake. Muindi akachukua kitambaa akaanza kupangusa maikrofoni. Maikrofoni yenyewe haikuwa na hata tone la vumbi.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na tisa, katika ukumbi wa baa moja huko Mumbuni. Bendi ya Muindi na Wenzake ilifanyia mazoezi hapo kila Jumanne na Alhamisi mchana, kabla wanywaji hawajaingia. Kaloki alikuwa amelipiga gita la solo la bendi hiyo kwa miaka kumi na minane. Watu walizitambua nyimbo zao kwa vidole vyake kabla Muindi hajafungua kinywa, naye alilijua hilo. Hakuzoea kusemwa akiwa msalani.

Mambo yalikuwa yameanzia Kithimani. Wakitoka kutumbuiza huko, amplifaya yake ilianguka kutoka nyuma ya pikapu, na zile springi za ndani zinazolipa gita mwangwi, eko kama walivyouita wao, zikakatika. Amplifaya ilipona, ila mwangwi ulikufa. Gita likawa linatoa sauti kavu, kama mtu anayegonga bati. Yasser akaenda Nairobi kwenye duka la vyombo vya muziki la mtu aliyejuana na marehemu baba yake, akarudi na vitu viwili vya kujaribu kwa wiki mbili. Kimoja wangenunua, kingine kingerudi.

Cha kwanza kilikuwa pedali, kijisanduku cha chuma cha samawati kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, chenye vitufe vitatu vya kuzungusha. Unakiweka sakafuni, unakikanyaga, mwangwi unaingia. Unakikanyaga tena, unatoka. Cha pili kilikuwa mashine pana na bapa ya kufungwa kwa skrubu kwenye raki, ile fremu ya chuma iliyosimama kando ya meza ya Yasser ikiwa imebeba amplifaya za spika kubwa. Mashine hiyo ilikuwa na taa nyekundu zilizoandika namba, na Yasser aliisifu kana kwamba ameiunda yeye.

"Hii inakumbuka, Mzee," alimwambia Kaloki. "Wimbo wa harusi uko na namba yake, wa polepole uko na yake. Pedali utaipigia teke, itamwagikiwa na bia, betri itaisha katikati ya wimbo."

"Na hiyo namba nani anaibonyeza?"

"Mimi hapa."

"Na mimi nikiwa kule mbele, nikitaka kuongeza?"

Yasser alimtazama Muindi kabla ya kujibu. Kaloki aliuona mtazamo huo akauweka moyoni. "Utaniashiria tu," Yasser akasema.

"Nitachukua ya miguu," Kaloki akasema. "Gita ni yangu, eko iwe yangu."

Hakuna aliyembishia. Muindi alisema tu kwamba wiki mbili ni nyingi, wajaribu zote polepole. Ukimya huo ulimkera Kaloki kuliko ambavyo ubishi ungemkera. Miaka yote hiyo Muindi alikuwa akibishana naye hata juu ya rangi ya mashati.

Alhamisi iliyofuata aliitoa pedali katika kabati la ukumbini, akakanyaga, akapiga noti mbili. Sauti ilikuwa imenywea. Akainama, akaona kitufe cha katikati kimerudi nyuma sana, na yeye alikuwa na hakika amekiacha karibu na mwisho. Aliinua macho. Yasser alikuwa akikunja waya, amempa mgongo. Ufunguo wa kabati ulikaa kwa Yasser.

Kaloki alipiga hivyo hivyo. Mazoezi yalipokwisha alitoa mfukoni kipande cha chaki ya mkewe, ile ya kuchorea vitambaa, akachora mstari mwembamba kutoka kwenye kitufe hadi kwenye bati la pedali. Jumanne aliporudi, nusu mbili za mstari huo hazikukutana tena.

Kutoka hapo kila kitu kikawa na maana. Alikumbuka kwamba mwezi uliopita Muindi alimuuliza, hivihivi, kama angeweza kumfundisha mpiga gita wa pili baadhi ya solo zake. Alikumbuka kuona kwenye daftari la Yasser mstari ulioandikwa "Kaloki – punguza." Akajua sasa wanachokitaka. Wangelifunga gita lake ndani ya mashine ya Yasser, wamshushe kidogokidogo mpaka watu wamsahau, kisha siku moja wamwambie apumzike. Kumfukuza mchana kweupe wasingeweza, watu wangeuliza. Kumzima kwa kidole ilikuwa rahisi.

Alihitaji ushahidi. Alhamisi alifika mapema akiwa na redio-kaseti ya nyumbani ndani ya mfuko wa sokoni. Akaiweka chini ya viti vya nyuma ya ukumbi, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akarudi mbele akalishika gita lake kama mtu asiye na habari. Siku hiyo alizungusha vitufe vyote vya pedali mpaka mwisho, ili akishushwa ajue ni mezani kwa Yasser aliposhushwa.

Nyumbani alimkuta mkewe, Munyiva, akikata kitambaa cha sare za shule mezani. Kaloki aliketi kando ya dirisha, akaiweka redio upande wake wa kulia, akawasha. Alisikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho akitikisa kichwa.

"Umesikia, Mama Ndunge? Wamenishusha."

Munyiva aliweka mkasi chini. "Wamekushusha wapi?"

"Gita iko chini. Eko hata haiko."

"Baba Ndunge, mimi nasikia gita peke yake. Iko kama mtu anaipigia ndani ya tangi la maji. Muindi anaimba nini hapo, wewe umeelewa?"

Alirudisha kaseti nyuma, wakasikiliza tena. Alimkazia macho mkewe, akaona jinsi alivyokuwa akichagua maneno, na shaka ikamgeukia Munyiva. "Nani ameongea na wewe?"

Munyiva aliukunja ukingo wa kitambaa. "Muindi alipita hapa," alisema. "Wiki tatu sasa. Aliniuliza kama nyumbani unasikia vizuri."

"Na ukanificha."

"Nilitaka kuhakikisha kwanza. Geuka uangalie dirisha."

Aligeuka kwa hasira. Alisikia mkasi ukikata hewa upande wa kulia, kra, kra, sauti aliyoizoea tangu waoane. Kisha kukawa kimya. Akangoja. Alipochoka kungoja aligeuza kichwa, akamwona Munyiva amesimama nyuma ya bega lake la kushoto. Mkasi ulikuwa hapo, shubiri moja tu kutoka sikioni mwake, ukifunguka na kujifunga.

"Umeanza lini?" aliuliza.

"Toka ulipoangalia dirisha."

Alimnyang'anya mkasi, akaushika mwenyewe kando ya sikio la kushoto, akakata, akakata tena. Kulikuwa na kitu kwa mbali, kama karatasi inayokunjwa katika chumba kingine. Akafikiria anavyosimama jukwaani, na matoazi ya ngoma yakiwa upande wake wa kushoto, kila wikendi, miaka kumi na minane.

Asubuhi alikwenda kwa Yasser, ambaye alirithi kwa baba yake kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Alimkuta Muindi yuko hapohapo, na safari hii hawakupata nafasi ya kuachana.

"Nani anagusa pedali yangu?" Kaloki akauliza.

"Mimi, Mzee," Yasser akasema. "Nisamehe."

"Mlikuwa mnanizika nikiwa hai."

Muindi alimvutia kiti. Kaloki hakukaa. "Kule Kithimani watu walinifuata," Muindi akasema. "Wakaniambia maneno hayasikiki, gita imefunika kila kitu. Nikakuangalia ukipiga. Ulikuwa unaongeza tu. Kila wimbo unaongeza. Sasa ningekuambia nini? Kwamba Kaloki hasikii?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungeacha gita."

Kaloki alitaka kukana, lakini aliijua tabia yake. Miaka mitatu nyuma aliacha kanisa kwa sababu mwalimu wa kwaya alimwambia ana haraka katika kuimba.

"Ndiyo maana nikataka ile ya raki," Yasser akasema. "Ikiwa kwangu, naisikia vile watu wanaisikia. Ya miguu ni nzuri, sitadanganya. Lakini anayekanyaga ndiye anaamua, na yeye anasimama nyuma ya spika. Hata mtu wa masikio mazima hapo anadanganyika."

"Na solo zangu? Kwa nini nimfundishe mwingine?"

"Kwa sababu tuko na mpiga gita wa pili ambaye hajui kitu," Muindi akasema, "na hilo halina uhusiano na masikio yako."

Kaloki alimtazama usoni muda mrefu. Aliamini nusu ya maneno hayo. Nusu nyingine aliiacha ielee.

Daktari aliyempima wiki iliyofuata alisema sikio la kushoto halitarudi, na la kulia nalo limeanza kuchoka, litunzwe. Wakahamisha ngoma zikaenda nyuma, mbali na Kaloki, naye akaanza kuziba sikio la kulia kwa pamba kila alipokuwa karibu nazo. Kuhusu mwangwi alichagua mashine ya raki. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye mwenyewe alipanda gari pamoja na Yasser kwenda Nairobi kurudisha pedali. Mwenye duka alipouliza kama ilikuwa na kasoro, alijibu kwamba haikuwa na kasoro yoyote, akamwomba kitambaa aifute chaki.

Mara ya kwanza kutumia mashine hiyo mbele ya watu ilikuwa harusi, Jumamosi mchana, katika uwanja wa shule. Kaloki alipiga wimbo wa kwanza macho yakiwa juu ya mkono wa Yasser. Mkono uliielekea raki. Hakuweza kujua kama anapandishwa au anashushwa. Vidole vilikwenda vyenyewe kwa mazoea ya miaka, ila sauti iliyotoka kule mbele ilikuwa mali ya mtu mwingine, na hilo halikuwa jambo dogo kwake.

Walipopumzika alimuuliza Muindi, "Ilikuwa aje?"

"Sawa kabisa."

Alimchunguza usoni, hakuona uongo wala hakuona ukweli. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya wageni mpaka kwenye mti wa mbali ambapo mama mmoja asiyemfahamu alikuwa akiuza njugu na maji ya machungwa.

"Mama, umesikia bendi?"

"Nimesikia."

"Maneno yanasikika?"

"Yote. Hata lile la mama mkwe." Akamfungia njugu kwenye karatasi. "Ile gita ni tamu. Lakini hapa nyuma inafika kidogo. Wangeongeza."

Kaloki alirudi hadi mezani kwa Yasser, njugu mkononi. "Kule nyuma gita ni kidogo," akasema. "Si mimi nasema. Ni yule mama kule."

Yasser aliangalia alikoonyeshwa, akafikiri, kisha akakizungusha kitufe mbele kidogo. Kaloki alisimama hapo akiutazama mkono ule mpaka ukaondoka kwenye mashine na kurudi mezani. Ndipo akapanda jukwaani, akavaa gita.